Saa 40 kwa mwezi: kazi ya bure na kodi Maniema, tangu enzi ya mpira hadi enzi ya kompyuta

KINDU – Tarehe 18 Novemba 1903, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitia sahihi amri iliyopima kodi ya Mkongomani kwa saa. Kila mtu mzima mwenye nguvu alitakiwa kuifanyia serikali kazi ya saa 40 kila mwezi. Hiyo ndiyo ilikuwa kodi yake. Vijijini hapakuwa na franka za kutoza, basi kilichotozwa kilikuwa mikono na miguu: mpira wa msituni, chakula cha askari, kuni za meli, mizigo ya kubebwa kichwani. Malipo, pale yalipokuwapo, yalikuwa chumvi kidogo au kipande cha nguo.

Zaidi ya miaka 120 imepita. Leo kijana wa Kasuku, wa Mikelenge au wa ng'ambo ya Lualaba kule Alunguli anaweza kufanya kazi ya bure ya aina nyingine kabisa, kazi ya kujipendea. Tuseme ni mwalimu. Mchana anafundisha, usiku anakaa mbele ya kompyuta aliyoinunua ikiwa imetumika, anaandika programu ndogo ya kuorodhesha familia zilizofika mjini na watoto waliopotezana na wazazi wao njiani. Hakuna anayemlipa. Megabaiti ananunua mwenyewe, mafuta ya jenereta ananunua mwenyewe, betri ikifa anaitafuta mwenyewe sokoni. Lakini mshahara wake wa ualimu unakatwa kodi. Je, anaweza kuiambia serikali: punguzeni kodi yangu, maana nimetumia pesa hii kwa kazi inayowafaa watu?

Swali hilo linaulizwa na waandishi wa programu za bure katika nchi nyingi. Kwa Kongo jibu la sheria ni fupi: hapana. Ila historia iliyo nyuma ya jibu hilo ni ndefu, na sehemu yake kubwa ilibebwa kichwani na wazee wa Maniema.

Kodi ya mikono

Kabla ya Wabelgiji, kodi ya Maniema ilikuwa pembe za ndovu. Hamed bin Muhammed, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo, na mashefu wa eneo kubwa wakawa wanampelekea pembe kama ushuru wa utii. Kiswahili kinachosemwa Kindu leo kilikuja na misafara hiyo hiyo, na mpunga vilevile. Kati ya 1892 na 1894 jeshi la Leopold lilipigana na Waarabu na Waswahili wa Maniema. Nyangwe na Kasongo zikaanguka mwaka 1893. Bwana akabadilika, mzigo ukabaki pale pale kichwani.

Amri ya saa 40 ilikuja miaka kumi baadaye, na ilitolewa kama kitu cha huruma, yaani mpaka ambao watumishi wa serikali hawangeuvuka. Habari za mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa zilikuwa zimefika Ulaya, na mwaka 1904 Leopold alilazimika kutuma tume ya uchunguzi. Ripoti yake ilitolewa Novemba 1905. Wajumbe walieleza jambo ambalo kila mkulima wa msituni angeweza kuwaambia bila tume: mipira ya karibu ilikuwa imekwisha. Kila baada ya majuma mawili mtu alitembea siku moja, siku mbili au zaidi hadi mahali penye mipira, akajenga kibanda cha majani, akalala mbali na mke na watoto, akagema, kisha akarudi na kwenda kuupeleka mpira wake upimwe. Saa 40 zilikuwa za karatasini.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Serikali ilihesabu mpira uliofika kwenye mizani. Haikuhesabu safari, wala chakula alichobeba mgemaji, wala kazi ya mke wake aliyesaga na kupika ili mume apate nguvu ya kulipa kodi, wala shamba lililoota magugu wakati mwenyewe yuko msituni. Kwa lugha ya wahasibu wa leo, gharama za kuipata kodi hazikuondolewa kwenye kodi. Mgemaji wa mpira alikuwa na gharama nyingi kuliko mfanyabiashara yeyote, na hakuna aliyemuuliza zilikuwa kiasi gani.

Mji wa Kindu wenyewe ulikua kwa mikono ya namna hiyo. Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli iliyojulikana kwa herufi CFL, na serikali ya Leopold ikaipa hekta milioni 4 za ardhi. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilifunguliwa mwishoni mwa 1910. Wanaokaa karibu na stesheni leo wanaishi juu ya kazi ile.

Franka, muhuri na watoto wanne

Novemba 1908 Ubelgiji ilichukua nchi kutoka kwa mfalme wake. Miaka miwili baadaye, kwa amri ya 1910, kodi ya kazi ikaanza kugeuzwa kuwa kodi ya pesa. Kila mwanamume mzima alidaiwa franka kila mwaka, na aliyelipa alipewa alama ya kuonyesha. Baadaye muhuri ulipigwa ndani ya kitabu chake cha kitambulisho. Asiye na muhuri alikuwa mtu wa kukimbia akiona askari.

Franka hizo zilitoka wapi? Kwa mzungu. Ndivyo mambo yalivyopangwa: mtu anayedaiwa franka atakwenda kufanya kazi mahali franka zinapotolewa. Reli, meli za Lualaba, mashamba ya makampuni, na kuanzia miaka ya 1930 machimbo ya bati ya Kalima chini ya kampuni ya Symétain, yote yalipata wafanyakazi kwa njia hiyo. Kodi ilikuwa kengele ya kuwaita watu kazini.

Katika sheria za kodi za wakati huo kulikuwa na kitu ambacho wengi wamekisahau, nacho ni punguzo. Mwanamume mwenye mke mmoja na watoto wanne au zaidi aliweza kusamehewa kodi ya kichwa. Kinyume chake, mwenye wake wengi alitozwa nyongeza kwa kila mke baada ya wa kwanza. Haikuwa huruma. Serikali na misheni walitaka ndoa ya mke mmoja, na wakubwa wa makampuni walikuwa na hofu kwamba watu wanapungua na vibarua watakosekana. Msamaha wa kodi ni njia ya serikali kusema ni maisha gani inayoyapenda. Hata leo ukitaka kujua serikali inapenda nini, soma orodha ya vitu inavyovisamehe.

Siku 60, kisha siku 120

Kodi ya franka haikuiondoa kazi ya lazima. Ilirudi kwa mlango wa shambani. Majaribio ya pamba yalifanyika Maniema, upande wa Nyangwe, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1917 amri iliruhusu serikali kumlazimisha mwanakijiji kulima mazao iliyoyachagua yenyewe, hadi siku 60 kwa mwaka. Pamba upande mmoja, mpunga upande mwingine. Bei ilipangwa na mnunuzi. Amri ya Desemba 1933 ilizithibitisha siku 60 hizo na kuziita kazi za kuelimisha. Mwalimu wa elimu hiyo alikuwa kapita, na kitabu chake kilikuwa fimbo.

Mkulima alilima pamba bila kupenda, akaiuza kwa bei ndogo, kisha franka alizopata akazirudisha kama kodi. Alikamuliwa mara mbili na serikali moja, kwanza kwa siku zake, halafu kwa pesa iliyotokana na siku hizo. Katika mahesabu ya ofisi hayo yalikuwa mambo mawili yasiyohusiana.

Vilipokuja Vita vya Pili vya Dunia, siku 60 zikawa 120. Watu wakarudishwa msituni kugema mpira, jambo ambalo babu zao walikuwa wamelisimulia kama ndoto mbaya iliyokwisha. Mwanzoni mwa 1944, eneo la Lubutu na Masisi lilishika moto. Wafuasi wa Kitawala, wakiongozwa na Bushiri Lungundu, waliasi dhidi ya watumishi wa serikali na mashefu waliokuwa wakiwasukuma watu kazini. Uasi ulivunjwa kwa nguvu ndani ya miezi michache, na Bushiri akakamatwa. Familia zinazotoka Lubutu na kukimbilia Kindu zinatembea barabara ambazo nyingi zilichimbwa na kutunzwa na watu wa kizazi kile.

Salongo

Uhuru wa 1960 uliifuta kazi ya lazima ya wakoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mobutu aliirudisha kwa jina jingine, salongo: kufagia, kufyeka majani, kuzibua mitaro, kwa jina la taifa. Kuna wazee wanaoisifu hadi leo kwa sababu mji ulikuwa safi. Kuna wengine wanaokumbuka faini na askari. Wote wana haki ya kukumbuka wanavyokumbuka. Kwa habari hii, jambo moja tu ni la kuangalia: salongo haikupunguza kodi ya mtu hata makuta moja. Chini ya Leopold saa za bure zilikuwa ndiyo kodi. Chini ya Mobutu ziliongezwa juu ya kodi.

Wakati huo sheria ambayo imeiongoza kodi ya mishahara na faida kwa muda mrefu ilikuwa tayari imetoka. Ni ile ya tarehe 10 Februari 1969. Ilisema kwamba katika mapato ya kazi ziliondolewa zile gharama tu zilizofanywa ili kuyapata na kuyahifadhi mapato hayo. Kwa mwenye duka, kodi ya nyumba ya duka inaondolewa, na mishahara ya wasaidizi pia. Gharama lazima iwe na pesa inayoifuata. Pasipo pesa, gharama hiyo mbele ya sheria ni sawa na bia aliyokunywa mtu na rafiki zake.

Kwa hiyo yule mwalimu wetu na programu yake yuko nje. Kompyuta yake haimletei franka, basi haipunguzi kodi. Akianza kuiuza programu hiyo, hapo ndipo serikali itamwona: atadaiwa patanti, atatakiwa kujiandikisha, na gharama zake zitaanza kuwa na maana. Sheria ya Septemba 2022 kuhusu ujasiriamali na kampuni changa ililenga hao hao, yaani waliojiandikisha na wanaotafuta faida. Anayetoa bure habadiliki. Anabaki mtu mwenye starehe ya gharama kubwa.

Wengine nao

Wenye nchi tajiri si wakarimu kuliko sisi katika hili. Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1969, Marekani ilipitisha sheria ya kutenganisha biashara na kazi ya kujipendea. Haikuwalenga waandishi wa programu, ambao wakati huo walikuwa wachache. Iliwalenga matajiri waliofuga farasi na kuwa na mashamba ya kujifurahisha, kisha wakaitumia hasara ya farasi kupunguza kodi ya mali zao nyingine. Baadaye kipimo kikawa hiki: shughuli iliyopata faida miaka mitatu kati ya mitano inadhaniwa kuwa biashara. Isipofikia hapo, mwenyewe inabidi athibitishe kwamba anatafuta faida kweli. Tangu 2018 mambo yamekazwa zaidi, na mwaka 2025 mkazo huo ukafanywa wa kudumu: mtu akipata pesa kidogo kutokana na kazi ya kujipendea anatozwa, lakini gharama zake haziondolewi.

Na anayejitolea kwa shirika la hisani lililoandikishwa? Huko Marekani anaweza kuondoa pesa aliyoitoa mfukoni, hata mafuta ya gari, senti 14 kwa kila maili. Saa zake hapana. Daktari, fundi bomba, mwandishi wa programu, wote muda wao waliotoa bure ni sifuri kwenye karatasi ya kodi. Ajabu yake ni kwamba afisa wa Leopold mwaka 1903 alijua vizuri sana jinsi ya kuihesabu saa ya mtu asiyelipwa.

Kazi hizo zisizohesabiwa si ndogo. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo wa kompyuta kwa kujifurahisha tu, si kitu kikubwa. Mfumo huo, Linux, sasa uko ndani ya kila simu ya Android inayouzwa katika soko la Kindu. Karibu na nyumbani, Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya kugeuka damu, Wakenya na marafiki zao walitengeneza kwa siku chache, bila mshahara, tovuti ya kukusanya habari za mashambulizi zilizotumwa na wananchi na kuziweka kwenye ramani. Miongoni mwao walikuwa Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia. Waliiita Ushahidi. Kabla ya mwaka huo kwisha, mnamo Novemba, ilitumiwa pia kufuatilia vita vya mashariki mwa Kongo. Mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko. Ushahidi ikawa shirika, ikapata wafadhili, na mfadhili wa Kimarekani anayelipa shirika la hisani anaweza kupunguziwa kodi kwa pesa hiyo. Usiku wa Januari 2008 wa watu walioiandika haumo katika hesabu ya mtu yeyote.

Simu inayolipa kodi

Kongo, kwa upande wake, iliwahi kuikumbuka teknolojia katika mambo ya kodi, ila kwa njia ya kuchukua. Wakaaji wa Kindu hawajasahau RAM, orodha ya simu iliyoanza kutozwa Septemba 2020. Mtu aliweka yunite asubuhi, mchana akakuta zimepungua. Kwa simu ya 3G au 4G ilikuwa takribani dola 7 kwa mwaka, ikikatwa kidogo kidogo bila kuulizwa. Malalamiko yalifika bungeni na barabarani, na mwanzoni mwa 2022 tozo hiyo ikaondolewa. Katika muda ule, kijana aliyetumia simu yake kuweka vijiji vya Maniema kwenye ramani ya bure alikatwa sawasawa na mwingine yeyote. Alitoa kazi, na akalipia kifaa alichotolea kazi hiyo.

Asilimia mbili

Katika sheria ya 1969 kulikuwa na punguzo moja lililogusa nyumba nyingi za Kindu kuliko mambo yote ya kompyuta. Mwenye mshahara alipunguziwa asilimia 2 ya kodi yake kwa kila mtu wa familia aliyemlisha, mwisho watu 9. Ni mjukuu wa ule msamaha wa watoto wanne. Sheria hiyo ilitaja nani anahesabiwa: mume au mke, watoto ambao hawajafunga ndoa, pamoja na wale wa kulea kisheria, na wazazi wa pande zote mbili wanaokaa katika nyumba hiyo.

Shemeji aliyefika kutoka Kabambare na watoto watano hayumo. Jirani wa zamani aliyekimbia Punia hayumo. Mama mwenye vitu vyake katika pagne moja, aliyeshuka kwenye mtumbwi Lualaba usiku na kupokelewa na watu wasiomjua, hayumo. Familia iliyompokea inagawa sombe na mchele wake, inalipa dawa zake, inawalaza watoto wake sebuleni kwa miezi, na mwisho wa mwezi kodi inakatwa kana kwamba nyumba ina watu wanne.

Yule mwalimu mwenye kompyuta anaijua hali hiyo, maana orodha anayoiandika usiku ndiyo ya watu hao: jina, kijiji walikotoka, siku waliyofika, wako kwa nani, avenyu gani, nani anatafutwa. Katika safu ya "wako kwa nani" majina mengi ni ya walimu wenzake, wauguzi, makarani wa serikali, watu wenye karatasi ya mshahara. Orodha ya namna hiyo, ikitunzwa vizuri, ni karatasi ya kwanza ambayo ofisi ya kodi au mbunge wa jimbo angehitaji kama siku moja wangetaka kuongeza mstari mmoja katika sheria ya kodi. Kwa sasa imo ndani ya kompyuta iliyotumika, na betri yake inashika saa moja na nusu.